Mteremko wa Tatu

Punda alipogeuza shingo na kumtazama, Wayua aliachia kitufe na kupiga kelele, hadi mteja aliyekuwa akichagua ndengu akadondosha kikombe cha kupimia.

"Mwongeli! Kuja uone! Punda amenikasirikia!"

Mwongeli, dada yake mkubwa na mwenye duka, alitokea nyuma ya magunia akiwa na vumbi la maharagwe hadi kwenye nyusi. Alidhani kuna punda mlangoni, maana Jumamosi mikokoteni huingia soko la Marikiti kwa wingi. Badala yake alikuta kompyuta juu ya kaunta, na kwenye skrini punda mdogo wa kijivu amesimama katikati ya njia ya vumbi, nyuma yake mkokoteni uliojaa mitungi ya maji.

"Nimemchapa sana, akakataa kwenda," Wayua alisema, macho yakimng'aa. "Hajafa, gemu haijaisha. Amesimama tu ananiangalia. Ukimwacha apumue, anaanza kutembea mwenyewe. Huyu mtu ametengeneza hii kitu anajua punda!"

"Na wewe unajua kuna mteja?" Mwongeli akauliza, akiokota kikombe.

Kabla ya duka hilo la nafaka, Wayua alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo kule Athi River. Jioni moja pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye kokoto, akaangukia bega. Mishipa ya fahamu ya mkono wa kushoto ikakatika. Mfupa ulipona, ngozi ikapona, lakini mkono wenyewe ulibaki ukining'inia kando yake kama mkoba. Alirudi Machakos kukaa kwa Mwongeli, na shemeji yake akamwachia kompyuta kuukuu ili asiwe anaangalia dari mchana kutwa.

Gemu kubwa zilimshinda mapema. Zilitaka vidole vyote kumi na vingine vya kuazima. Ndipo akagundua gemu ndogo, zile zinazotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake, au marafiki wawili wasio na kampuni wala bosi. Nyingi zilikuwa mbovu. Lakini ile nzuri ilipopatikana, ilikuwa nzuri kwa namna ambayo gemu kubwa haziwezi: ungeona kabisa kwamba kuna mtu aliyekaa akafikiria jinsi mlango wa bati unavyolia. Na mara nyingi zilikuruhusu kubadilisha vitufe upendavyo. Wayua alivipanga vyote upande wa kulia, akajifunza kutumia kidole gumba na kidole cha mwisho kwa wakati mmoja, na baada ya muda akawa mchezaji hodari kuliko alivyokuwa mshonaji.

Akaanzisha chaneli ya video aliyoiita Mkono Mmoja. Humo alitoa maoni yake kwa Kiswahili cha kwao, bila kumpaka mtu mafuta. Aliwahi kusema gemu fulani ya vita ina maandishi madogo kama mayai ya chawa. Aliwahi kulalamika kwamba amekutana na mti ule ule katika gemu tatu tofauti. "Hizi programu za kutengeneza gemu zimewaharibu watu," alisema siku hiyo. "Unachukua sampuli imekuja nayo, unabadilisha rangi, unaiita yako. Hata mimi naweza." Watu walimpenda kwa sababu hiyo, na wengine wakamchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Gemu ya punda iliitwa Mkokoteni. Unachota maji mtoni, unayapakia, unampeleka punda nyumbani kupitia vilima, na kila ukiyumba maji yanamwagika. Hakuna adui wala bunduki. Wayua aliicheza tangu duka lilipofunguliwa. Alivuka mteremko wa kwanza akicheka, wa pili akiwa ameuma mdomo. Alipofika mteremko wa tatu, akakwama.

Pale njia ilikuwa na kona kali, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Ili usitumbukie, ulipaswa kushikilia breki bila kuiachia huku ukimwongoza punda kushoto na kulia na ukiinua mzigo usiteleze. Alijaribu kila mpangilio wa vitufe. Alijaribu kubonyeza breki kwa kidevu, na mteja mmoja akamwuliza kama anaumwa na jino. Kila mara mkokoteni ulitumbukia, na mitungi ikabingirika bondeni kwa mlio mtamu sana uliomkera zaidi.

Mchana huo alirekodi video yake papo hapo kaunteni.

"Nimecheza gemu nyingi," alisema, "na sijawahi ona mnyama amechorwa kwa heshima kama huyu. Vumbi ni vumbi la kwetu. Miti si ya kununua, nimeangalia, kila mti uko na sura yake. Hii ndiyo gemu nzuri zaidi nimecheza mwaka huu. Na sitaimaliza. Wewe uliyeitengeneza, popote uko, umejenga nyumba safi, halafu hapo mteremko wa tatu ukaweka mlango haunitoshi. Nimeumia kwa sababu nimeipenda."

Maoni yakamiminika. Mmoja aliandika kwamba gemu si lazima ichezwe na kila mtu. Mwingine akamwambia ajifunze kucheza. Halafu likaja jibu la mtu aliyejiita Muiruri wa Matuu: "Mimi ndiye niliitengeneza. Asante kwa maneno mazuri. Lakini ule mteremko ndio roho ya gemu. Nikiurahisisha, imekufa."

Wayua alilisoma mara mbili, uso ukimwaka moto. Akaandika kwa kidole kimoja, upesi hadi akakosea herufi: "Nani amesema urahisishe? Acha mteremko vile uko. Nifungulie tu niingie nianguke kama wengine."

Jioni Muiruri akaandika tena, safari hii kwa ujumbe wa faragha: "Uko Machakos sehemu gani? Nataka kuona vile unacheza."

*

Alifika dukani Jumapili baada ya ibada, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amevaa koti la kanisani, kompyuta yake ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mgumu wa kubebea misumari. Familia yake ilihamia Yatta kutoka Murang'a kabla hajazaliwa, na yeye aliendesha duka la vifaa vya ujenzi la baba yake pale Matuu.

"Habari zenu," alisema, akisimama mlangoni kama aliyekuja kuposa.

"Mzuri. Karibu," Mwongeli alijibu, akimpima kwa macho. "Wewe ndio umemkosesha dada yangu usingizi?"

"Nafikiri ni punda wangu."

Mwongeli akacheka licha ya kutokutaka, akaenda kuweka chai motoni.

Wayua hakuwa na muda wa salamu ndefu. Aliwasha gemu, akaketi, akacheza. Muiruri alisimama nyuma yake. Aliona gumba likimwongoza punda, kidole cha mwisho kikidhibiti mzigo, vile vya katikati vikipokezana kuchapa na kusimamisha. Mteremko wa pili ulipopita bila tone kumwagika, alijisahau akashika kichwa.

"Mimi mwenyewe hapa humwaga," alisema.

"Nimeona umemwaga kwa ile video yako ya kutangaza gemu. Sasa angalia."

Mteremko wa tatu. Kona. Vidole vikaisha. Mitungi ikaenda bondeni.

Muiruri alivua koti, akaketi pembeni yake, akaweka mkono wa kushoto mfukoni na kujaribu mwenyewe. Alianguka kwenye mteremko wa kwanza. Akajaribu tena, akaanguka kabla hata hajafika mteremkoni, akiwa bado mtoni. Wayua alicheka hadi akalazimika kushikilia meza.

"Sawa," Muiruri alisema, kijasho kikimtoka. "Sawa. Nimeelewa."

Akafungua kompyuta yake na kumwonyesha gemu kwa ndani. Wayua hakuwahi kuona kitu kama hicho. Punda alikuwa amelala kwenye skrini vipande vipande: miguu peke yake, masikio peke yake, mkia peke yake. Kando kulikuwa na orodha ya vitufe, na chini yake mistari ya maagizo. Muiruri akabadilisha namba moja, na punda akaanza kutembea kama mlevi. Akairudisha, na punda akapata akili zake.

"Kumbe ni hivi?" Wayua alinong'ona. "Unamwambia tu?"

"Unamwambia, anakataa, unamwambia tena. Hii ni ile programu ulisema imewaharibu watu."

Wayua akageuka. "Hii?"

"Hii. Iko bure. Mimi sikusomea kompyuta. Nilianza na ile sampuli imekuja nayo, nikabadilisha rangi, nikaiita yangu, vile ulisema. Ilikuwa mbaya sana. Lakini bila hiyo mbaya singefika kwa punda. Ningekuwa nauza misumari na nikirudi nyumbani nafikiria vitu hakuna mtu ataona."

Wayua alifikiri kidogo. "Ile mti bado inanikasirisha," alisema.

"Hata mimi inanikasirisha."

Mwongeli alileta chai na viazi vitamu, na kazi ikaanza. Muiruri alipendekeza kwanza breki ijishike yenyewe mteremkoni. Aliiandika haraka, Wayua akajaribu, mkokoteni ukashuka polepole kama unateremshwa kwa kamba. Alifika katikati ya mteremko akaachia vitufe.

"Hapana. Hapo ni wewe unaniendesha. Mimi nimekuwa mtungi."

Wakajaribu breki ya kubonyeza mara moja na kuachia. Ilimshtua punda na kumwaga kila kitu. Wakajaribu kupunguza mwendo wa gemu nzima, na Wayua akasema inahisi kama kucheza ndani ya uji. Muiruri alianza kuchoka. Alisugua macho, akasema labda kuna vitu haviwezekani, na kwamba si kila kitu ni cha kutengenezwa.

Wayua alikuwa akitazama nje. Mzee mmoja alikuwa akipita na mkokoteni mtupu, na punda wake, kwa sababu zake mwenyewe, alitaka kuingia dukani. Mzee hakugusa hatamu. Alisema tu, "Oooo," kwa sauti ndefu ya chini, na punda akasimama.

Wayua akaruka kutoka kitini.

"Muiruri! Hii kompyuta iko na maikrofoni?"

"Iko. Kwa nini?"

"Mjomba wangu kule Mwala hakuwa anashika kamba! Alikuwa anaongea! Punda anaskia! Breki si kidole, breki ni mdomo!"

Muiruri akaivuta kompyuta kwa nguvu hivi kwamba chai ikamwagika kwenye shati lake la kanisani, na hakuifuta. Alitafuta, akasoma, akajaribu. Wayua alitembea huku na huko nyuma yake akiuliza, "Bado? Bado?" Mwongeli, ambaye alisema hataki kuhusika, alikuwa ameinama juu ya bega la Muiruri.

"Jaribu," Muiruri akasema hatimaye.

Wayua akasogea karibu na skrini. "Oooo."

Punda alipunguza mwendo. Akasimama. Akatega sikio moja.

Kelele walizopiga wote watatu ziliwaleta majirani. Na hapo hapo wakaona tatizo, maana punda alikataa kuondoka. Alisikia majirani. Alisikia lori likipiga honi barabarani. Mwongeli alipocheka, alisimama. Mwongeli akacheka zaidi kwa kuona anamsimamisha punda kwa kicheko, na punda akakaa hapo hapo kama amepandwa. Muiruri alisema atalazimika kumfundisha atofautishe sauti ndefu na kelele fupi, na kwamba si kazi ya siku moja. Halafu stima ikapotea. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo skrini ikawa nyeusi, na wakabaki wakitazamana wakiwa na tabasamu za kipumbavu.

"Hujaokoa kazi?" Wayua akauliza kwa hofu.

"Nimeokoa. Punda yuko salama."

*

Vijana fulani wa mjini walikuwa wameandaa siku ya gemu zilizotengenezwa Ukambani, katika ukumbi mmoja si mbali na soko. Muiruri aliomba nafasi. Kati ya siku ile na hiyo alimtumia Wayua ujumbe kila mara: sauti fupi sasa anaipuuza, sasa anaipuuza mno, hasikii chochote, sasa anasikia jogoo. Wayua alimjibu kwa maoni marefu ya sauti, akiwa kaunteni, wateja wakisikiliza. Alimwambia sauti ya chini imsimamishe taratibu, na ya juu imsimamishe ghafla. Alimwambia punda achelewe kidogo kutii, kwa sababu punda wa kweli hufikiria kwanza. Muiruri aliliweka kila neno ndani ya gemu. Lakini toleo lililokamilika alilimaliza jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa hiyo Wayua aliingia ukumbini bila kuwa amelicheza.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na gemu ya mpira, gemu ya kupika, na gemu moja ya kutisha iliyotengenezwa na wasichana wawili wa chuo, ambayo Wayua aliisifu sana akaikosoa kwa giza la kupita kiasi. Zamu ya Mkokoteni ilipofika, picha ikarushwa ukutani kwa mwanga mkubwa. Muiruri akashika kipaza sauti.

"Hii gemu ilikuwa na breki ya kidole," alisema. "Sasa iko na breki ya mdomo. Yule ameileta ndio ataicheza."

Wayua akapanda jukwaani na kuketi. Punda akatokea ukutani, mkubwa kama nyumba, na ukumbi ukashangilia.

Punda akasimama.

Wayua alimchapa kidogo. Hakwenda. Mamia ya watu walikuwa wakishangilia kwa sauti moja ndefu, na punda, kwa utiifu wake wote mpya, alikuwa akiwasikiliza. Watu walipoelewa, wakacheka. Walipocheka, akabaki pale pale. Muiruri alikuwa amejishika kichwa kando ya jukwaa.

Wayua akageuka na kuinuka. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu walio hai, lakini sauti ilitoka.

"Jamani! Punda anawaskia nyinyi! Mkitaka afike nyumbani, nyamazeni!"

Ukumbi ukanyamaza, hata feni ya darini ikasikika. Punda akatikisa masikio, akaanza kutembea.

Mteremko wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita, na mtu mmoja aliyetaka kupiga makofi akazuiwa mikono na jirani yake. Ndipo ikaja ile kona, mwamba upande huu, bonde upande ule. Wayua aliinamia maikrofoni. "Oooo," alisema, polepole, kwa sauti aliyokuwa akiisikia kwa mjomba wake. Punda akafikiria, akatii. Gumba likamgeuza kulia. Kidole cha mwisho kikainua mzigo. "Oooo." Kushoto. Kwa mara ya kwanza aliona kilichokuwa nyuma ya ile kona: mteremko uliendelea, na chini kabisa kulikuwa na boma lenye moshi.

"Kuna nyingine!" mtu alinong'ona.

Ilikuwepo kona nyingine, kali zaidi. Wayua akavuta pumzi na pumzi ikamkatika. Alikuwa ameimaliza yote kwenye ile ya kwanza. Mkokoteni ukashika kasi. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mitungi ikaanza kuteleza.

"Oooooo!"

Haikuwa sauti yake. Ilitoka nyuma, kwa Mwongeli aliyekuwa amesimama juu ya kiti, na kabla haijaisha ukumbi wote ukaidaka. Oooooo, wazee na watoto na wasichana wa chuo, sauti moja nzito iliyotikisa madirisha. Punda akakita kwato. Mkokoteni ukainama juu ya bonde, gurudumu moja hewani, ukarudi. Wayua akamgeuza. Walikuwa wamevuka.

Hakuna aliyeweza kunyamaza tena, na haikuhitajika, kwa sababu punda alikuwa amefika mlangoni pa boma. Bibi mmoja alitoka ndani, akafungua mtungi, akamimina maji kwenye beseni. Hakunywa yeye. Alimwekea punda kwanza.

Wayua alilia mbele ya kila mtu, akicheka wakati huo huo, na Muiruri alipopanda jukwaani alimkumbatia kwa mkono wake mmoja na kumpiga mgongoni kwa nguvu.

"Ile muziki ya mwisho," alimwambia sikioni, "inachosha. Itoe. Acha tuskie punda akikunywa."

"Nitaitoa leo."

"Na ile programu. Inaweza ingia kwa kompyuta yangu? Ni mzee."

"Inaingia hata kwa mzee."

Jumatatu duka lilifunguliwa kwa kuchelewa. Mwongeli alifika akakuta foleni ya wateja na Wayua hajainua uso. Alikuwa ameinamia skrini, ambapo palikuwa na mraba mdogo mwekundu, mtupu, hauna macho wala miguu.

"Mwongeli! Kuja uone!"

"Hiyo ni nini?"

"Angalia." Wayua akabonyeza kitufe, na ule mraba ukasogea upande wa kulia.

"Ni kisanduku," Mwongeli alisema.

"Kinatembea!" Wayua akapiga kelele, akabonyeza tena. "Mwongeli, nimekiambia, na kinatembea!"